Raspberry Shake & Boom: inafaa Nairobi, lakini si kila nyumba

Kisanduku hiki kina jiofoni moja ya wima, chaneli EHZ, inayonasa mtikisiko wa ardhi, na kihisi cha shinikizo la hewa, chaneli HDF, kinachonasa sauti nzito ambazo sikio halisikii. Zote mbili husomwa mara 100 kwa sekunde, zikifuata saa ileile, na hapo ndipo penye thamani yake. Mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, uko kilomita 190 hivi kutoka Nairobi: wimbi la ardhini hufika kwa nusu dakika, sauti ya mlipuko huchukua dakika 9 hadi 11 kutegemea upepo wa angani. Mtikisiko bila sauti unaweza kuwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayosukuma miamba chini kwa chini, kama Julai 2007, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipotikisa hadi Nairobi. Mlimani mlipuko mkubwa ulikuja Septemba. Usitarajie kunasa mitetemo midogo ya volkano, ile ya Hezi 1 hadi 5, yaani mitikisiko 1 hadi 5 kwa sekunde. Hufifia njiani.

Kiweke chini kabisa, juu ya sakafu ya saruji iliyokaa ardhini, kisawazishwe kwa pimamaji. Zulia na meza havifai. Matatu zikipita karibu hujaza EHZ mchana kutwa, hivyo kwa matetemeko ya mbali chuja rekodi ubaki na mitetemo ya Hezi 0.7 hadi 2, na uanze kwa kusoma rekodi za usiku wa manane.

HDF ni nyeti zaidi. Mlango ukibamizwa huonekana kama mlipuko, na mvua kwenye mabati huficha kila kitu. Vilele vya Ngong vina mwamba mzuri kwa jiofoni, ila upepo wake huua sauti. Mpira wa kumwagilia wenye vitundu, uliounganishwa na tundu la kihisi na kulazwa vichakani, hupunguza kelele hiyo.

Tatizo kubwa ni stima. Ikikatika ghafla kadi ya SD inayohifadhi data huweza kuharibika, basi nunua betri ya akiba ya volti 5. Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyo ndani ya kisanduku, hadi toleo la 4 haina saa yenye betri: ikiwaka bila intaneti, wakati huwa wa uongo. Pengo la muda kati ya chaneli mbili hubaki sahihi, lakini kulinganisha na KMBO, kituo cha kupima matetemeko cha Kilima Mbogo, hakuwezekani. Kipokezi cha GPS cha USB hutatua hilo.

Shule yenye chumba tulivu cha chini, inunue. Anayeishi ghorofa ya sita asinunue: atakuwa anapima jengo.