Nimefundishia Worldview kwa mwaka mzima: uzoefu wangu

Nafundisha Jiografia kidato cha tatu na cha nne hapa Tabora, na kwa mwaka mzima nimetumia Worldview, tovuti ya NASA (shirika la anga la Marekani) inayoonyesha picha za dunia zilizopigwa na satelaiti. Kila kiangazi tunafika kwenye mada ya mioto ya misitu, na wanafunzi wangu hawana haja ya kuelezwa moto ni nini. Wengi wametoka Sikonge na Urambo, wazazi wao wametundika mizinga kwenye miombo, na moshi wa Agosti wanaujua tangu utotoni. Kilichokuwa kinanishinda ni kuwaonyesha ukubwa wake: kwamba moto wanaouona nyuma ya shamba la baba, siku hiyohiyo uko Katavi, uko Kongo, uko Zambia.

Mwanzo nilihangaika na tovuti moja ya data za satelaiti, sitaitaja jina. Kabla hujaona chochote inadai ujisajili. Ukishajisajili unakutana na orodha ndefu ya vifupisho na namba, uchague. Jioni mbili nzima ziliishia hapo. Faili nililolipakua lilimaliza bando, kisha likagoma kufunguka kwa sababu linahitaji programu ya wataalamu. Data zenyewe zilikuwepo, tena bure. Ila mlango ule umejengewa mtu ambaye tayari anajua jina la faili analolitaka, na mimi nilikuwa na swali tu: wiki iliyopita kuliungua wapi?

Worldview ya NASA inaanzia kwenye swali hilohilo. Ukiifungua kwenye kivinjari unaona dunia yenye picha ya siku husika, na chini ya skrini kuna mstari wa tarehe. Hakuna kujisajili, hakuna cha kusakinisha. Unavuta ramani hadi mashariki ya Ziwa Tanganyika, unarudisha tarehe, umefika. Picha nyingi huingia ndani ya saa 3 hivi tangu satelaiti ipite, na za nyuma zipo tangu mwaka 2000.

Siku niliyoiwasha kwa projekta niliongeza tabaka la mioto, yaani taarifa za mioto zinazowekwa juu ya picha, nukta nyekundu zikamwagika magharibi yote ya nchi. Darasa likanyamaza. Kisha binti mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, hawa wote wamechoma siku moja?" Tukakaa na swali lake kipindi kizima. Nukta moja ya VIIRS, chombo cha kupiga picha kilichoko kwenye satelaiti, ni alama kwamba joto kali limeonekana ndani ya eneo la takriban mita 375 kwa 375. Linaweza kuwa shamba dogo linalosafishwa au kilima kizima kinachowaka, na nukta haisemi nani kawasha.

Tatizo lililotusumbua zaidi lilikuwa kabari nyeusi iliyokatiza ramani yetu. "Hapa kwetu wamefuta?" wakauliza wanafunzi. Hawajafuta. Tulikuwa tunatazama picha za MODIS, chombo kilichoko kwenye satelaiti ya Terra, na mkanda wake, yaani eneo la ardhi kinaloliona kwa mpito mmoja, una upana wa kilomita 2,330. Huku kwetu karibu na ikweta, mkanda mmoja na unaofuata haigusani, kwa hiyo kila siku kuna sehemu zinazorukwa. Tukahamia VIIRS, yenye mkanda wa kilomita zipatazo 3,000, weusi ukatoweka. Napenda kwamba pengo limeachwa lionekane kama pengo. Wangeliziba kwa picha ya jana, tungedhani tumeona kila kitu.

Kuna sehemu ya kulinganisha tarehe mbili: unaburuta mstari katikati ya skrini, upande mmoja Mei, mwingine Septemba. Ukichagua rangi zile ambazo mimea hai hung'aa kijani, maeneo yaliyoungua yanajitokeza kwa wekundu wa kahawia. Kwa mwalimu hii peke yake inatosha. Na kiungo unachokinakili kinabeba mahali, tarehe na matabaka yote uliyoyawasha, hivyo mwanafunzi nikimtumia kwa WhatsApp anafungua kilekile nilichokiona mimi.

Mawingu ya masika huficha ardhi kabisa, hilo mjiandae nalo. Natamani pia siku moja maelezo ya matabaka yapatikane kwa Kiswahili, kwa sababu watu wanaoishi na mioto hii ndio wenye maswali mazuri kuliko mimi.

Siku ya kikao cha wazazi, mzee mmoja mfuga nyuki alibaki nyuma akaniomba aione. Nikaanza kumweleza habari za satelaiti, akanikatiza kwa upole: "Nirudishie Julai, mwalimu. Upande wa Mto Ugalla." Nikamrudishia. Alipeleka kidole polepole kufuata mto, siku baada ya siku, mpaka nukta ya kwanza ilipotokea. Akaniomba nimtumie ile tarehe kwenye simu ya kijana wake.