Kishikwambi cha kalamu: protekta ipi ununue, na lini usinunue kabisa

Lalamiko ni lile lile. Mtu kanunua kishikwambi na kalamu yake, muuzaji kambandikia protekta (filamu au kioo cha kulinda skrini) palepale dukani, na baada ya miezi michache ncha ya kalamu imelika upande mmoja kama chaki ya mwalimu. Lawama zote zinaangukia kalamu, ilhali aliyeila ncha ni protekta.

Hofu inayouza protekta hizi ni kwamba kalamu itakwaruza skrini. Haitakwaruza. Ncha ya Apple Pencil ni plastiki ngumu, na ya S Pen ya Samsung ni laini zaidi, inashika kidogo kama mpira. Kioo kinazishinda zote mbili kwa ugumu, tena kwa mbali. Kinachokwaruza ni mchanga. Chembe ya mchanga mara nyingi ni madini ya kwatsi, ambayo kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini, ina ugumu wa 7, wakati vioo vya vifaa hivi viko kwenye 6 hivi. Chembe moja tu ikinaswa kati ya ncha na skrini, au kati ya skrini na kifuniko ndani ya mkoba, unapata ule mstari usiofutika. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, jiulize kishikwambi kinakaa wapi: mezani, au saiti, shambani na kwenye daladala?

Njia ya kwanza: usibandike kitu. Kwa anayeandika noti mezani, hasa kwenye iPad Air au iPad Pro, hili ndilo chaguo langu bila kusita. Skrini zake zimegandishwa moja kwa moja na kioo na zina utando wa kupunguza mng'ao. Ukibandika kitu juu unaufunika utando uliolipia. Nunua kifuniko kinachofunga vizuri na kitambaa laini cha miwani. Pangusa skrini kabla ya kuandika, na pangusa ncha pia, maana watu huisahau.

Ya pili: filamu ya mguso wa karatasi. Hii ni ya wachoraji, na ya wale ambao mwandiko wao unateleza kwenye kioo kitupu. Hapa ndipo pana kasoro ambayo wauzaji hawaitaji. Filamu hizi zina vinundu vidogo mno vinavyoleta ule mkwaruzo mtamu wa penseli kwenye karatasi, na vinundu hivyo hivyo vinafanya kazi ya msasa. Kwanza ncha inapata ubapa upande unaoelemea unapoandika. Kisha ubapa unakuwa na ukingo. Izungushe ncha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba: ukisikia kona inakwama, muda wake unakwisha. Kwenye Apple Pencil, ukiona kitu kinameta katikati ya weupe, hicho ni chuma cha ndani. Acha kuandika saa hiyo hiyo, kwa sababu sasa kinachogusa skrini si plastiki tena, na filamu itachimbwa mfereji kwa mkupuo mmoja. Ncha ya Apple inafunguliwa kwa vidole kinyume cha saa, na mpya inakazwa kwa mkono tu. Pakiti ya ncha 4 kwa Apple kule Marekani ni dola 19, nayo ni gharama ya filamu ambayo hakuna anayekuonyesha dukani. Ncha ya S Pen hung'olewa kwa kibanio chake kidogo, na kwa ulaini wake haivumilii filamu yenye mkwaruzo hata kidogo.

Ndiyo maana nasimama na filamu za kampuni ya Elecom ya Japani, nanyi mjue kwamba naipendelea. Wanatofautisha filamu zao kwa aina ya karatasi, na ile ya karatasi ya Kent, aina ya karatasi nyororo ya kuchorea, ni laini zaidi, imetengenezwa kwa kupunguza ulaji wa ncha. Filamu ya Paperlike inajulikana zaidi na unapata mbili kwa pakiti, lakini kwa bei yake, na kwa anayeandika kurasa nyingi kila siku, bado nabaki na Kent. Yoyote utakayochukua, maandishi madogo yatapoteza ukali kidogo na sehemu nyeupe zitameremeta chembechembe za rangi, kwa kuwa kila kinundu kinapinda mwanga wa skrini. Anayehariri picha asiiguse.

Ya tatu: filamu ya kubandua na kurudisha, mfano Rock Paper Pencil ya kampuni ya Astropad. Unaiweka unapochora, unaitoa unapotazama video. Wazo zuri, ila kila ukiibandua unaikaribisha vumbi upande wa ndani.

Ya nne: kioo kigumu, kwa kawaida milimita 0.33. Kinafaa kishikwambi cha kutembea nacho kwenye vumbi. Kwa S Pen hakisumbui sana, kwani kalamu hiyo inasomwa kwa sumaku-umeme na bamba lililo chini ya skrini. Apple Pencil inasomwa na tabaka la mguso, hivyo kioo kilichoacha hewa chini kinaleta shida. Weka rula ya kimshazari, chora mstari polepole sana. Ukitoka na mawimbi, rudisha. Kwenye iPad ya kizazi cha 9 na cha 10 tayari kuna nafasi ya hewa kati ya kioo na skrini, na kioo cha ziada kinazidisha umbali kati ya ncha na wino. Halafu kwenye hizo mbili fundi anaweza kubadilisha kioo cha mguso peke yake, wakati kwenye Air na Pro inabadilishwa skrini nzima. Mwenye Air anayesafiri nayo ana sababu nzito zaidi ya kuweka kioo.

Protekta za bei ya chini kabisa, za plastiki isiyo na jina: ncha italika na kona zitanyanyuka. Basi.

Sasa hili la "9H". Limeandikwa kwenye kila boksi, na muuzaji atakuambia linakaribia almasi. Si kweli. 9H ni daraja la ugumu wa risasi ya penseli kwenye jaribio la kukwaruza rangi na mipako. Halina uhusiano na kipimo cha Mohs, na mchanga haulitambui. Kumtoza mtu zaidi kwa herufi hiyo ni kumwibia mchana kweupe. Na wenye maduka waache kusema "hii inaingia tu". Protekta ya iPad Pro ya inchi 11 ya zamani haikai sawasawa kwenye ile ya 2024 yenye chipu ya M4, vipimo vimebadilika. Tafuta namba ya modeli kwenye mipangilio, inayoanza na A ikifuatiwa na tarakimu nne, ilinganishe na boksi, na usiruhusu pakiti ichanwe kabla hazijafanana, kwa sababu ikishachanwa hawarudishi hela.