Osileta mbili, meza moja: kaunta au oskiloskopu?

Una osileta mbili (saketi zinazotoa mawimbi ya umeme) za megahezi 10, yaani mawimbi milioni 10 kwa sekunde, uko zako nyumbani Kisumu, na unataka kujua masafa yake (idadi ya mawimbi kwa sekunde) yameachana kiasi gani bila kufilisika.

Kaunta ya masafa, chombo kinachohesabu mawimbi hayo, ni rahisi: chomeka waya, soma namba. Ila ya kawaida ikihesabu kwa sekunde 1 huona tofauti ya hezi 1 tu, yaani sehemu 1 kwa milioni 10. Tena kosa la fuwele yake, inayoipimia muda, huingia kwenye jibu lako.

Mimi nachagua oskiloskopu (chombo kinachochora wimbi kwenye skrini) ya chaneli mbili, hata iwe kuukuu. Itriga, yaani iifanye ianze kuchora, kwa osileta ya kwanza, kisha tazama wimbi la pili likiteleza. Likienda kulia, hiyo ya pili iko polepole. Mzunguko mmoja wa wimbi ni nanosekunde 100. Wimbi likiteleza mzunguko mzima kwa sekunde 100, tofauti ni sehemu 1 kwa bilioni. Saa ya simu yatosha kupima hilo, na jambo hilo bado hunistaajabisha! Ziache tu osileta zipate moto kwanza, mbali na dirisha, maana upepo wa ziwani husogeza masafa yake. Stima ikipotea, unaanza upya.