Kituo cha tiba ya uyoga, Denver: karatasi kwanza, dawa baadaye

Nyota nne kati ya tano. Mimi mtu wa Mombasa, makazi Aurora, mji jirani na Denver, na nilikwenda na mashaka tele, maana uyoga wenye silosaibini, yaani kemikali inayobadilisha fahamu na hisia, bado ni marufuku kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani. Jimbo la Colorado liliuruhusu kwa kura ya Novemba 2022, kwa wenye miaka 21 na zaidi.

Kilichonikosha roho ni kikao cha maandalizi, kabla ya kula uyoga wenyewe. Msimamizi, yule anayekaa nawe ukishakula uyoga, dada mpole, alinionyesha leseni yake kabla sijauliza, akanipa maandishi: mafunzo aliyopitia, hatari zilizopo, haki zangu, na pa kupeleka malalamiko. Kuna ukurasa mzima wa kuguswa. Nikizidiwa, anishike mkono, bega, au asiniguse kabisa? Nikajaza mkono, basi. Akahoji dawa ninazomeza, hadi ya presha, na kama nimewahi kutumia lithiamu, dawa ya maradhi ya akili.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya bei. Kwenye simu nilitajiwa jumla. Mkataba ulipokuja, kikao cha mwisho kina malipo yake mbali. Ulizeni mapema, tena muandikiwe. Na hiyo chai yao ya tangawizi, wallahi, tangawizi sikuiona.