Kambi ya Mang'ula, Udzungwa: pazuri kwa anayekuja kutembea

Ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa hakuna barabara ya gari. Kilomita za mraba 1,990 zote ni za miguu, kwa hiyo unapolala ndipo safari inapoharibikia au kutengemaa. Kambi ya Mang'ula, jirani na makao makuu ya hifadhi, ni takriban kilomita 60 kusini ya mji wa Mikumi. Huduma ni za msingi. Anayetaka kitanda na chakula cha kuandaliwa atafute nyumba ya wageni kijijini.

Adui mkubwa hapa ni maji. Udongo wa msituni ni laini, umejaa majani yaliyooza, na kigingi kilichosimama wima hung'oka kwa upepo mdogo tu. Kipige kwa mshazari, kichwa kikielekea nje ya hema. Turubai la chini nalo lisizidi hema. Ukingo ukichomoza hata kiganja kimoja hukinga mvua na kuiingiza chini ya godoro, halafu mtu hudhani hema lake linavuja. Kabla ya kufunga kamba, tazama juu: tawi kavu likidondoka usiku ni hatari kuliko mnyama yeyote. Machi hadi Mei mvua ni kubwa. Juni hadi Oktoba ndio muda wenyewe.

Siafu hupita usiku, hasa baada ya mvua. Zungushia hema majivu, funga zipu mpaka mwisho, na chakula usikiweke hemani kabisa, maana nyani na ngedere nao hawachelewi kukinusa. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima.

Kuni za hifadhini haziokotwi. Tangu 2011 hata wanavijiji wa pembezoni wamezuiwa, na wao ndio waliozitegemea; mgeni kuvunja tawi ni kukosa adabu. Njoo na jiko la gesi. Mchele wa Kilombero, nyanya na ndizi utanunua Mang'ula.

Maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 kwa jumla, huchukua saa nne hivi kwenda na kurudi. Njia inaanzia kijiji cha Sanje, siyo kambini, basi panga usafiri na mwongozaji jioni ya kuamkia safari. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, na viatu vyenye meno: mawe ya bwawani yana utelezi wa kijani usioonekana mpaka umekanyaga. Ukiwa juu, bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa linatandazika lote chini yako.