Bentonaiti ya wachimba visima ndani ya glezi: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: bentonaiti, udongo laini mno unaovimba ukilowa, inafaa kutiwa kwenye glezi, ule mchanganyiko unaopakwa vyombo vya udongo na kugeuka kioo motoni. Ikiisha nitanunua tena, ila si kwa kila glezi. Kama huna subira ya kuiandaa, hela yako kanunulie kaolini, udongo mweupe wa ufinyanzi.

Hapa Dar es Salaam huna haja ya kusubiri mzigo wa vifaa vya ufinyanzi kutoka nje ndipo upate bentonaiti. Ulizia kwa wauzaji wa vifaa vya kuchimbia visima, au kwa mafundi umeme wanaofukia ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), wote wanaitumia. Mimi nilichukua ya visima. Ni unga laini wa kijivu unaoelekea krimu. Kabla hujalipa, soma mfuko: baadhi huchanganywa na polima za kuongeza unato wa tope la kuchimbia, na hizo hatuzihitaji kwenye ndoo zetu. Omba isiyo na nyongeza.

Niliitafuta kwa sababu ya glezi yangu angavu, yenye friti nyingi na kaolini ya Pugu asilimia 5 tu. Friti ni kioo kilichosagwa. Haina unato wa udongo hata kidogo, kwa hiyo glezi ikilala tu, unga wote unatuama na kugandamana chini, maji yamebaki juu meupe. Feldspa, madini ya mawe yanayosagwa na kutiwa kwenye glezi, nayo inachochea: kuna zinazoachia sodiamu majini polepole, na sodiamu hiyo hufanya chembe zishuke moja moja na kujipanga kwa kubanana. Bentonaiti inafanya kinyume. Chembe zake ni bapa na ndogo mno, zinanyonya maji, zinavimba, halafu zinazibeba zile nzito.

Shida iko kwenye kuchanganya. Anayepika uji anajua kukoroga unga kwenye maji ya baridi kwanza. Bentonaiti haikubali hata hilo. Ukiinyunyiza peke yake majini, nje inakuwa utelezi, ndani inabaki unga mkavu, na hayo madonge hata uyasage kwa vidole yanakukimbia tu. Ninachofanya ni kuipima, gramu 20 kwa kila kilo ya unga wa glezi, kisha naichanganya ikiwa kavu na silika ya glezi (unga wa mawe ya kwatzi) kwenye ndoo yenye mfuniko. Nafunga, natikisa vya kutosha, naacha vumbi litulie ndipo nifungue. Barakoa nzuri ni lazima, ile ya kuzuia vumbi laini, si kitambaa. Vumbi la silika likishaingia kwenye mapafu halitoki. Baada ya hapo namimina unga kwenye maji, si maji kwenye unga, naacha ulale hadi asubuhi, napitisha blenda ya mkono, halafu chekecheo la matundu 80 kwa inchi, mara mbili. Kwenye chekecheo ndipo utajua kama ulichanganya vizuri: likibaki tupu, safi, ukiona vipande vya utelezi vimekwama kwenye wavu, rudisha vyote kwenye blenda.

Matokeo yamenifurahisha. Ndoo ikikaa, inahitaji kukorogwa tu, haihitaji kuchimbwa. Glezi ikikauka kwenye chombo inashika, unaweza kukibeba mpaka kwenye tanuri bila unga kubaki vidoleni. Kwa rangi, kwenye udongo mweupe nimeona ukrimu kidogo sana baada ya kuchoma, kwa sababu bentonaiti ina chuma ndani yake. Kwenye udongo mwekundu huoni kitu.

Usizidishe tu. Ikipita asilimia 3 hivi, glezi inanywa maji mengi mno, inachelewa kukauka, inapasuka nyufa, na kwenye moto inajikunja na kuacha vipara kwenye chombo. Na kama glezi yako ina kaolini asilimia 15 au 20, achana nayo kabisa, udongo uliomo unatosha.

Ikiwa bado inatuama, msaidizi wake ni chumvi ya Epsom ya duka la dawa. Iyeyushe kwenye maji ya moto, tia kidogo kidogo huku ukikoroga, uache pale glezi inapoanza kuwa nzito kidogo. Wapo wanaokwepa bei ya friti kwa kutumia boraksi, chumvi ya boroni, moja kwa moja. Sishauri. Boraksi inayeyuka majini, kisha ndoo ikipoa inarudi kuwa fuwele chini, na iliyobaki inasafiri na maji mpaka kwenye kingo za chombo kinapokauka. Utachoma kikombe kimoja chenye glezi mbili tofauti.

Lalamiko langu ni ujazo. Mifuko ya visima ni mikubwa, imekusudiwa watu wanaomwaga tope shimoni, na kwa gramu 20 kwa kilo mfinyanzi mmoja hawezi kuumaliza. Unyevu wa pwani nao ukiingia inaganda mabonge. Tafuta wenzako mgawane, na ya kwako ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.