Flashi ya Godox TT600 kwa picha za bembea usiku: inafaa, ila tazama kwanza kamera yako

TT600 haina TTL, yaani mfumo wa kamera kupima na kupanga nguvu ya flashi yenyewe, ndiyo maana wengi huipita dukani. Kwa bembea za mnyororo zinazozunguka usiku, mfano zile za Sabasaba au za Sikukuu ya Idi, hilo si pengo hata kidogo. TTL hudanganywa na taa za rangi zinazowaka kuelekea kamera: picha moja inaungua, inayofuata inakuwa giza. Hapa nguvu unaiweka mwenyewe, kuanzia 1/1 (nguvu yote) hadi 1/128, nayo inabaki ulipoiweka.

Shata na flashi hugawana kazi. Shata, yaani muda kamera inapopokea mwanga, ndiyo inayoamua taa zichore mistari mirefu kiasi gani, na flashi inamgandisha aliyekaa kitini. Chukua bembea ambayo kutoka nguzo hadi kiti ni mita 6, na inamaliza mzunguko kwa sekunde 5. Kiti kinakwenda kama mita 7.5 kwa sekunde. Shata ya 1/8 inakipa nafasi ya kusogea karibu mita nzima, na hapo ndipo mistari inapopendeza. Lakini ukipiga flashi kwa nguvu yote, mwako wenyewe unachukua takriban 1/300 ya sekunde. Kiti kinasogea sentimita 2.5 na uso unatoka umelegea. Shusha nguvu ya flashi hadi 1/4. Mwako unafupika, uso unakaza, na flashi inajaa tena upesi.

Anzia hapa: ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), shata 1/8, flashi 1/4, zumu ya flashi 50mm, na kiti kipite mita 4 hadi 5 kutoka ulipo. Fokasi iweke kwa mkono kwenye umbali huo, maana otomatiki itahangaika gizani. Mistari ikiwa mirefu mno, pandisha shata hadi 1/15 au 1/30. Nuru ya uso haitabadilika. Uso ukiungua, usiguse shata, punguza nguvu ya flashi. Matatizo mengi ya picha hizi huanzia kwenye kuchanganya mambo haya mawili.

Uso ukitoka mara mbili, mmoja mkali na mwingine kama mzimu, kuna taa kubwa ya uwanja inayommulika abiria. Hama upande usiofikiwa na taa hiyo, au kaza shata hadi 1/30. Taa za LED zikitoka nukta nukta badala ya mstari, kamera ni nzima: taa zenyewe ndizo zinazopepesa.

Sasa kasoro. Mguu wa TT600 una pini moja tu ya katikati. Canon 2000D, 4000D na 250D hazina pini hiyo, kwa hiyo flashi ikikaa juu ya kamera haiwaki kabisa. Na hata Canon zenye pini hazikubali kuiwasha kwa pazia la pili, yaani mwishoni mwa shata. Ikiwaka mwanzoni, mistari inatangulia mbele ya kiti, na bembea inaonekana inarudi kinyumenyume. Kwa kazi hii hilo si dogo. Wenye Nikon nyingi hawana shida, kwani kamera yenyewe ndiyo inayochelewesha mwako. Mwenye Canon aongeze pesa achukue TT685II ya Canon, betri ni zilezile nne za AA.

Hali ya HSS, yaani flashi kufanya kazi na shata za kasi sana, inayohitaji triga (kifaa cha kuiwasha flashi kwa mbali) na flashi iwe nje ya kamera, isikushawishi kununua. Shata ya 1/1000 inaua mistari yote, na bembea inaonekana imezimwa.

Betri ziwe za kuchaji za Ni-MH. Alkalaini zinachoka mapema, na flashi inachelewa kujaa huku bembea inaendelea kupita. Kwa 1/1 usipige zaidi ya mara 30 mfululizo. Ikichemka inajizuia yenyewe.

Karatasi angavu ya rangi ya chungwa juu ya kioo cha flashi huondoa ule weupe wa baridi usoni, ila inakula mwanga, kwa hiyo ongeza nguvu kidogo. Bembea ya gurudumu kubwa iko mbali mno kwa flashi hii: zima flashi, weka kamera kwenye stendi, piga sekunde 2.